Gari la Samaki la Atyang

Mkakasi ni kijisanduku cha mti kilichochongwa kwa ustadi na kupakwa rangi hata kikapendeza machoni. Ukikifunua ukidhani utakuta lulu, unakuta mti ule ule uliochongwa. Wahenga waliokitolea mfano hawakuchukia uzuri. Walituonya tu tusilipie kifuniko kabla ya kuona kilichofunikwa. Onyo hilo lilimpita Ojakol wa Malaba kama upepo, lakini mpwa wake, Atyang, alilishika. Na siku alipolishika, palikuwa na mtu mmoja tu aliyeamini kwamba Atyang ana akili timamu, naye ni Atyang mwenyewe.

Atyang alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Busia, akisomea teknolojia ya chakula. Mama yake, Apeduno, aliuza samaki katika soko la Adungosi kwa miaka kumi na tisa. Kila Jumatano na kila Jumamosi alidamka kwenda Osieko, ufuoni mwa ziwa, akadandia lori la huyu na pikipiki ya yule, akarudi na makreti yake kabla jua halijawa kali. Magamba ya samaki yalimganda mikononi hata kanisani. Magamba hayo ndiyo yaliyomlisha Atyang, yakamvisha sare, yakampeleka chuoni, tena yakamlipia mafunzo ya udereva wakati wa likizo.

Mwezi wa tatu Apeduno alishikwa na homa. Haikumpa hata wiki mbili. Alizikwa kando ya shamba lake la mihogo, na mvua ya kwanza ya masika ikanyesha juu ya udongo ambao haukuwa umeshuka bado.

Siku chache baada ya mazishi, wanawake wa chama cha wauza samaki walifika nyumbani wakiwa wamebeba bahasha. Ndani mlikuwa na akiba yote ya marehemu, shilingi laki nne.

"Mama yako alikuwa anaweka ya gari," mwenyekiti wao alisema. "Alichoka kungoja magari ya watu. Sasa ni yako. Fanya vile utaona."

Atyang hakulia. Alikuwa amelia hadi macho yakakauka kama kijito cha Januari. Aliishika ile bahasha kwa mikono miwili, akajua papo hapo atakachofanya.

Huko Osieko kuna desturi ambayo haikuandikwa popote. Kila mtumbwi una mwanamke wake. Mvuvi akifika ufuoni, samaki wake hawauzwi kwa mwingine kabla mwanamke huyo, aitwaye mwenye mtumbwi, hajachagua. Mwanamke huyo akiugua au akifiwa, mtumbwi humngoja. Apeduno alikuwa wa mtumbwi wa Oduori, na Oduori alikuwa ametuma ujumbe mazikoni: "Mwambieni mtoto wa Apeduno nitamngoja mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne. Ikipita hiyo, nitampa mwingine. Wavuvi wangu pia wana watoto."

Basi jambo lilikuwa wazi kama mchana. Bila gari hangeweza kwenda Osieko alfajiri na kuwahi darasa siku za masomo. Bila mtumbwi hapakuwa na samaki. Bila samaki hapakuwa na karo, na nusu ya stashahada haimpi mtu kazi popote.

Mjomba wake, Ojakol, kaka yake Apeduno, alilichukua jambo hilo kama lake. Alikuwa mtu wa kushughulikia karatasi za madereva wa matrela pale mpakani Malaba, mwenye viatu vinavyong'aa na simu mbili, na hakuna aliyemjua ambaye hakupenda kuketi naye, kwa kuwa alikuwa na maneno matamu na moyo wa kutoa. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda kuonekana. Mwezi wa nane angewapeleka wazee wa ukoo kwa wakwe, huko Amukura, kuzungumzia mahari ya mwanawe, na tangu aliposikia habari ya bahasha alianza kujiona akishuka kutoka gari zuri mbele ya wakwe hao.

"Nimekupatia gari," alimwambia Atyang kwenye simu. "Kuja Malaba kesho. Hii ukikosa, utajilaumu mpaka uzeeni."

Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya foleni ya matrela, dogo, la rangi ya fedha, limepigwa nta hadi mawingu yakaonekana kwenye boneti. Viti vilivishwa vitambaa vipya. Kwenye kioo cha mbele kulining'inizwa kopo la manukato, na muziki ulitoka ndani kwa mdundo uliotikisa kifua. Muuzaji aliitwa Oluka, kijana mwembamba mwenye kofia.

"Karibu, dada," alisema huku akifungua mlango kwa mbwembwe. "Hii usiite gari. Hii ni bibi harusi."

"Bibi harusi ataenda Osieko kubeba samaki?" Atyang aliuliza.

Ojakol alicheka kwa sauti. "Huyu ni mtoto wa dada yangu kabisa. Ingia, uonje kiti."

Atyang hakuingia. Alilizunguka gari polepole. Kuhusu injini hakujua kitu, lakini wauzaji aliwajua. Tangu akiwa mdogo alikuwa amemwona mama yake akisimama mbele ya samaki waliomwagiwa maji ili magamba yang'ae. Apeduno hakuyatazama magamba hata mara moja. Alimshika samaki, akamfungua shavu kwa kidole gumba, akachungulia ndani. Pakiwa pekundu, alinunua. Pakiwa pa rangi ya udongo, alimrudisha samaki taratibu na kuondoka bila ugomvi. "Mtu huosha pale anajua utaangalia," alizoea kusema. "Wewe angalia pale amesahau."

Oluka alikuwa ameosha wapi? Kila mahali, ilivyoonekana. Atyang aliinama, akanusa sakafu ya gari. Manukato yalimkaba koo, lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, nzito, kama ya gunia lililokaa nje msimu mzima. Akaushika mkanda wa kiti cha dereva, akauvuta. Akavuta tena.

"Dada, huo mkanda si wa kupima urefu," Oluka alisema, na kicheko chake hakikuwa tena na nguvu.

Atyang aliendelea kuvuta hadi mkanda ukaisha. Shubiri mbili za mwisho, ambazo hukaa zimejiviringisha ndani ya nguzo ya gari na hakuna anayekumbuka kuziosha, zilikuwa zimeganda tope laini kama unga wa wimbi. Alilifikicha kati ya vidole. Tope hilo alilijua. Mara ngapi alikuwa amelikwangua kwenye viatu vya mama yake, kila mto Nzoia ulipofurika na kuivamia Rukala, kwenye njia ya Osieko?

"Hii gari imelala ndani ya maji," alisema.

"Hiyo ni vumbi tu!"

"Vumbi la Malaba ni jekundu. Hili ni tope la Rukala."

Oluka alimgeukia Ojakol. "Mzee, mbona huyu msichana ananiharibia jina? Injini inaguruma, umeisikia mwenyewe."

"Atyang," Ojakol alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mkubwa kwa mdogo, "wewe umekuwa fundi lini?"

"Mimi si fundi, mjomba. Mimi ni mtu wa samaki."

"Nimeshampa mtu neno langu. Unataka nionekane nini hapa mpakani?"

Atyang aliinamisha kichwa kwa heshima, kama alivyolelewa, lakini bahasha haikutoka mkobani. "Nisamehe, mjomba. Mama alikaa kwenye jua miaka kumi na tisa kuipata hii pesa. Siwezi kuimwaga kwa siku moja."

Madereva wawili wa matrela waliokuwa wakitazama walipiga miluzi. Ojakol alijisikia kama mtu aliyevuliwa kofia hadharani. Akasema kwa hasira kwamba basi yeye hayumo tena, atafute gari lake peke yake. Wiki iliyofuata, ili kumwonyesha mtoto kwamba mtu mzima hakosei, aliuza madume yake matatu ya ng'ombe, akaongeza akiba yake, akalinunua lile gari la fedha yeye mwenyewe. Likapita Adungosi muziki ukilia, na watu wakamsifu.

Atyang alikuwa na wiki mbili zilizobaki. Alimtafuta Naliaka, mwanamke aliyekuwa na karakana ndogo mjini Busia na mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni, akakubaliana naye amsaidie kukagua. Walitazama magari matatu, wakayakataa yote matatu. La kwanza lilitoa moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi. La pili mwenyewe alikuwa ameliwasha na kulipasha moto kabla hawajafika, ili kuficha kwamba likiwa baridi haliwaki. La tatu lilikuwa zuri, ila jina la muuzaji halikuwa lile lililo kwenye hati.

"Utachoka?" Naliaka alimuuliza.

"Bado kuna siku tano," Atyang alijibu.

La nne lilikuwa Probox nyeupe ya mzee Makokha, aliyekuwa akisambaza mikate madukani na sasa macho yake hayakumruhusu tena kuendesha. Weupe wenyewe ulikuwa umefifia. Mlango mmoja ulikuwa umebonyea, boneti ilikuwa ya rangi inayokaribia tu kufanana na mwili, na kiti cha dereva kilishonwa kwa uzi wa gunia. Naliaka aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Akaliwasha, likaitika mara ya kwanza. Akalala chini yake, akalitazama tumboni, akatoka na majani nyweleni. Kisha akaomba magunia manne ya mchanga, wakayapakia, Atyang akaliendesha kwenye mlima hadi juu na kurudi.

Wakati huo wote mzee Makokha alikuwa akiwatajia kasoro bila kuulizwa. "Dirisha la nyuma upande wa kushoto halishuki. Kifuta mvua kimoja kinapiga kelele. Redio ilikufa miaka sita iliyopita, nikaona afadhali, maana mama watoto alianza kuniongelesha."

"Na wewe ulimjibu?" Naliaka aliuliza kutoka chini ya gari.

"Ningekimbilia wapi? Nilikuwa naendesha!"

Walicheka wote watatu. Naliaka alisimama, akajipangusa. "Halina sura," alimwambia Atyang, "lakini lina afya. Kwa mafuta halina tamaa, na spea zake utazipata hata Rukala. Kiti cha nyuma kikilazwa, makreti yako yote yanaingia."

Atyang alisoma hati mara mbili, akalinganisha nambari na zile zilizochongwa kwenye gari, akahakikisha jina ni la Makokha. Siku hiyo hiyo umiliki ukahamishwa. Akabakiza kiasi cha kulipia bima, matairi mawili na mzigo wa kwanza wa samaki.

Chuoni alipokelewa kwa vicheko. "Atyang, umenunua gari ama mkebe wa mikate?" aliuliza Vivianne, mwenzake wa darasa mwenye ulimi mwepesi. "Si ungengoja kidogo upate ya heshima? Sasa utatunukia omena hadi siku ya kuhitimu."

"Bora nihitimu, Vivi."

"Haki ya nani, mimi siwezi kuonekana ndani ya hiyo kitu."

"Hakuna shida. Nafasi yenyewe ni ya samaki."

Wenzao waliangua kicheko, na safari hii hawakuwa wakimcheka Atyang. Hata hivyo maneno yalimchoma. Hakuwa jiwe. Jioni alikaa ndani ya gari, akaushika usukani, akajiambia kwamba aliyemzaa alichekwa kwa magamba miaka kumi na tisa na hakuacha kazi hata siku moja.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne ilikuja na mvua. Alfajiri Atyang aliondoka Adungosi, kifuta mvua kikipiga kelele kama bata aliyekanyagwa. Alipofika Rukala, barabara ilikuwa uji. Gari refu lenye magurudumu mapana lilikuwa limekwama katikati, na dereva wake alisimama kando suruali ikiwa imekunjwa magotini.

"Dada, rudi!" alimpigia kelele. "Hii yangu ya nguvu imeshindwa, hako kako kataenda wapi?"

Atyang aliitazama saa. Kurudi kulikuwa ni kumpa mwingine mtumbwi. Aliweka gia ya kwanza, akapita ukingoni ambapo nyasi zilishika udongo, hakukanyaga breki, hakuongeza kasi. Gari lilitelezea kushoto, moyo wake ukatelezea pamoja nalo. Likajishika. Lilikuwa jepesi, na wepesi huo ndio uliolivusha pale lile zito lilipozama. Alipogusa ardhi ngumu upande wa pili, aligundua kwamba alikuwa amebana meno hadi taya likauma.

Ufuoni Osieko mitumbwi ilikuwa imeshafika. Mbele ya mtumbwi wa Oduori alisimama mwanamke mwingine, beseni mkononi, tayari akinyoosha kidole kuelekea samaki aliowataka. Atyang alishuka mbio, akaacha mlango wazi.

Oduori aliinua macho. Alilitazama gari lililotapakaa tope hadi juu ya paa, kisha akamtazama msichana.

"Wewe ni nani?"

"Ni wa Apeduno."

Mvuvi aliweka wavu chini. Kisha akamgeukia yule mwanamke mwenye beseni na kumwambia kwa upole, "Samahani, mama. Mwenye mtumbwi amefika."

Atyang aligeuza uso kuelekea ziwani kwa muda mfupi. Halafu akainama, akafungua shavu la mbuta wa kwanza kwa kidole gumba, na kazi ikaanza.

Tangu siku hiyo, Jumatano na Jumamosi hazikumpita. Karo ya muhula ililipwa kwa wakati. Vivianne mwenyewe alianza kuagiza ngege wa kupelekea mama yake, akidai apewe bei ya rafiki, na Atyang akampa bei ya adui kwanza ndipo akaipunguza.

Mwezi wa nane ukafika, na siku ya Ojakol. Alivaa suti ya kijivu na tai nyekundu, akawapakia wazee wawili wa ukoo katika gari la fedha, wakaelekea Amukura kwa wakwe. Tangu mvua zianze, gari lilikuwa na vituko ambavyo hakumwambia mtu. Taa ziliwaka zenyewe. Vioo vilishuka vilivyotaka. Alikuwa amelipeleka kwa mafundi watatu, na kila mmoja alifungua, akaona nyaya zilizoota kutu ya kijani, akatikisa kichwa, akala pesa.

Walipoingia boma la wakwe, honi ililia. Ojakol hakuwa ameigusa. Iliendelea kulia, ndefu, bila kupumua, hata kuku wakatawanyika na mtoto akaanza kulia. Wakwe walitoka nje mikono masikioni. Mmoja wa akina mama akasema, "Hawa wamekuja kuoa ama kutufukuza?" Ojakol alipiga usukani, akazima, akawasha, akachomoa ufunguo. Honi ilizidi kulia. Mvua ikaanza, na vioo vyote vinne vikashuka kwa pamoja kama watu waliokubaliana. Honi ilinyamaza betri ilipokufa.

Mazungumzo yalifanyika, lakini wakwe walitabasamu vibaya, na kila Ojakol alipotaja ng'ombe mtu mmoja alikohoa. Wakati wa kuondoka gari halikuitika hata kwa kusukumwa. Ikambidi Ojakol ameze mate machungu na kupiga simu.

Atyang alikuwa njiani kutoka Osieko, kwa kuwa Jumamosi hiyo mitumbwi ilichelewa. Alipinda, akaingia Amukura, akasimama mbele ya boma lile lile. Wakwe wakatazama. Alilipita gari la fedha lililojaa maji ya mvua vitini, akawafungulia wazee mlango. Wazee wawili walikaa mbele wakibanana, na Ojakol akajikunja nyuma, makreti mapajani.

"Nipeleke nyumbani moja kwa moja," alisema kwa sauti ya chini.

"Samahani, mjomba. Samaki hawangoji. Tutapitia soko kwanza."

Ojakol akarekebisha kreti mapajani. Alikumbuka kwamba aliyezungumza alikuwa mwenye gari.

Sokoni Adungosi wanunuzi walikuwa wakingoja. Atyang alifungua mlango wa nyuma, na wa kwanza kushuka akawa mjomba wake, suti imekunjamana, gamba moja limeganda kwenye tai.

"Yoga, mzee Ojakol!" alimsalimu kwa sauti mwenyekiti wa chama cha wauza samaki. "Siku hizi mbuta wanavaa tai?"

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Ojakol angeweza kuondoka. Alisimama, akawatazama wanawake wale waliomjua dada yake, akamtazama Atyang aliyekuwa tayari ameinamia kreti zito, peke yake, kama alivyozoea. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya boneti yenye rangi isiyofanana. Kisha akashika upande wa pili wa kreti.

"Hii gari ni ya nani?" mnunuzi mmoja mgeni aliuliza.

"Ya mpwa wangu," Ojakol alijibu, kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa soko. "Alinionyesha ndani, mimi nikakazana kutazama nje. Ng'ombe wangu watatu ndio waliolipa ada ya hilo somo. Haya, nunueni samaki, na mnaonicheka mnunue mara mbili."

Waliuza hadi makreti yakabaki matupu. Jumatatu asubuhi Atyang aliingia darasani na stakabadhi ya karo ya muhula mpya. Gari la fedha lilibaki Amukura, kuku wa wakwe wakitagia mayai kwenye viti vyake vizuri, kwa maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.